Mara 17 za John Cena na kurasa zilizofutwa za ubingwa wa dunia

Tangu usiku wa tarehe 20 Aprili 2025, John Cena alipomlaza Cody Rhodes ndani ya Allegiant Stadium jijini Las Vegas na refa akahesabu tatu, ubishi wa mashabiki wa mieleka umezunguka namba moja. Kwa hesabu ya WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ule ulikuwa ubingwa wa dunia wa 17 kwa Cena, na rekodi ya bingwa wa zamani Ric Flair ya mara 16 ikawa imevunjwa. Tarehe 13 Desemba mwaka huohuo Cena alipanda ulingoni kwa mara ya mwisho mjini Washington, akabanwa kabali na Gunther mpaka akagonga kusalimu amri, na ubishi ukaanza upya. Upande mmoja unasema namba imesema yote, huyu ndiye mkubwa kuliko wote. Upande wa pili unasema Flair ameonewa, kwa kuwa mara zake halisi ni 21 au zaidi, kama mwenyewe anavyodai. Nimefuatilia ubishi huu kwa muda, na naona pande zote mbili zimesimama kwenye msingi uleule uliooza.

Idadi ya mara ambazo mtu ametwaa mkanda ni kipimo kibovu cha ukubwa wa bingwa, kwa sababu haiwezi kupanda bila yeye kuupoteza kwanza. Mwenye mara 17 ni mtu aliyenyang'anywa au kuuacha mkanda mara 16 kabla ya kuushika tena. Halafu ile 16 ya Flair haikupatikana kwa kuhesabu yaliyotokea ulingoni. Iliamuliwa na kampuni moja iliyonunua kumbukumbu za mshindani wake, ikachagua kipi kiingie na kipi kiachwe. Anayetaka kujua ubingwa wa dunia ulipataje heshima yake hana budi kurudi nyuma, kwenye miaka ambayo hakuna aliyejali mara ngapi, na swali pekee lilikuwa nani anao leo na nani ataweza kumvua.

Julai 1948 mapromota wachache, yaani waandaaji wa mapambano, walikutana Waterloo, katika jimbo la Iowa, wakaunda National Wrestling Alliance, yaani NWA. Kabla ya hapo karibu kila promota mkubwa wa Marekani alikuwa na "bingwa wa dunia" wake, na shabiki aliyesafiri kutoka mji mmoja kwenda mwingine angeweza kukuta mabingwa watatu katika wiki moja. Muungano ule ulikubaliana juu ya bingwa mmoja. Wa kwanza alikuwa Orville Brown, lakini ajali ya gari ya Novemba 1949 ilikatisha maisha yake ya ulingoni, wiki chache kabla ya pambano alilopangiwa na Lou Thesz. Thesz akatambuliwa kuwa bingwa mwezi uleule, na alikaa na ubingwa hadi Machi 1956, siku 2,300, hadi alipouachia kwa Whipper Billy Watson mjini Toronto.

Namna mfumo ule ulivyofanya kazi ndiyo siri ya thamani ya mkanda. Kila promota alikuwa na eneo lake, na wenzake hawakuruhusiwa kuligusa. Ukiritimba huo uliwafikisha mbele ya Wizara ya Sheria ya Marekani, wakatia saini makubaliano ya kuuacha mwaka 1956, ingawa desturi yenyewe iliendelea kwa miongo mingine. Bingwa hakuwa mali ya eneo lolote. Alizunguka. Sam Muchnick, promota wa St. Louis aliyekuwa rais wa NWA kwa miaka mingi, ndiye aliyepanga ratiba yake: leo Texas, wiki ijayo Florida, baadaye Japani. Akifika mjini alikutana na kipenzi cha watu wa pale, na mara nyingi walipigana saa nzima wakatoka sare, au bingwa alinusurika kwa tundu la sindano. Watu walirudi nyumbani wakiamini kwamba kijana wao alibakiza dakika mbili tu awe bingwa wa dunia. Bingwa aliondoka na asilimia yake ya mapato ya mlangoni, na promota wa eneo alibaki na mpiganaji aliyepanda bei. Matokeo yalipangwa, ndiyo, lakini kilichouzwa kilikuwa imani kwamba mkanda ule hautoki ovyo. Bila imani hiyo safari nzima ya bingwa isingekuwa na maana, na ndiyo maana kura ya mapromota ya kubadilisha bingwa ilikuwa jambo zito.

Ilikuwa nzito kiasi cha kuvunja undugu. Juni 1961 Buddy Rogers alimshinda Pat O'Connor kwenye uwanja wa Comiskey Park, Chicago, mbele ya watu zaidi ya 38,000. Rogers alikuwa karibu na mapromota wa Kaskazini Mashariki, Vince McMahon Mkubwa na Toots Mondt, na wenzao wa maeneo mengine wakaanza kulalamika kwamba bingwa haonekani kwao. Tarehe 24 Januari 1963, mjini Toronto, NWA ilimrudisha Thesz, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 46. Alichaguliwa kwa sababu mapromota wote walijua kwamba Rogers akikataa kufuata mpango, Thesz angeweza kumlaza kwa nguvu halisi. Pambano lilikuwa la mwangusho mmoja, ilhali ubingwa kwa desturi uligombewa kwa miangusho miwili kati ya mitatu, na kisingizio hicho kiliwatosha watu wa New York kukataa matokeo. Wakajitenga, wakaanzisha shirika lao, WWWF, ambalo baadaye liliitwa WWF na leo ndiyo WWE, na kumtangaza Rogers kuwa bingwa wao kupitia mashindano ya Rio de Janeiro ambayo hayakuwahi kufanyika. Ubingwa ambao leo ndio mkubwa kuliko yote duniani, ule alioutwaa Cena Las Vegas, umezaliwa na mashindano hewa. Silisemi hili kwa kuudharau. Nalisema kwa sababu linaonyesha wazi kwamba heshima yake haikutoka kwenye chanzo chake. Ilijengwa baadaye, na aliyeijenga alikuwa mtu mmoja.

Tarehe 17 Mei 1963, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Bruno Sammartino alimmaliza Rogers kwa sekunde 48. Sammartino alizaliwa Pizzoferrato, kijiji cha milimani huko Italia, na utotoni alijificha mlimani na mama yake na ndugu zake kukwepa majeshi ya Ujerumani. Wahamiaji wa New York, Pittsburgh na Philadelphia walimwona kuwa ni wao. Alikaa na ubingwa siku 2,803, hadi Ivan Koloff alipomlaza Januari 1971, na wengi waliokuwapo ukumbini husimulia kimya kilichotanda, Sammartino mwenyewe akidhani masikio yake yameharibika. Alirudi akautwaa tena Desemba 1973 na kukaa nao siku 1,237 nyingine, zikiwamo wiki alizouguza shingo iliyovunjika Aprili 1976 katika pambano na Stan Hansen. Jumla ni siku 4,040. Kwa kipimo cha leo, Sammartino ni bingwa wa mara mbili. Kwenye orodha ya mara ngapi anakaa chini ya watu ambao nusu ya mashabiki wamewasahau. Kipimo kinachomweka Bruno Sammartino mahali hapo kimeshindwa kazi yake.

Hulk Hogan alifuata njia hiyohiyo. Alimshinda Iron Sheik Januari 1984 na hakuachia hadi Februari 1988, siku 1,474, na ni katika miaka hiyo mieleka ya Marekani ilipotoka kumbi za mikoa ikawa biashara ya televisheni ya dunia. Andre the Giant alipomvua, kwa hila ya marefa mapacha, mamilioni ya watu walikuwa mbele ya televisheni kwa sababu kuvuliwa kwa Hogan kulikuwa habari. Huwezi kuwa na habari ya namna ile ikiwa mkanda hubadilisha kiuno kila mwezi.

Wanaoitetea namba wana hoja moja ninayoiheshimu. Wanasema zama zimebadilika. Sammartino alionekana Madison Square Garden takriban mara moja kwa mwezi, na televisheni ya siku zile ilionyesha nyota wakiwapiga wapiganaji wasiojulikana. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, WWF na mshindani wake WCW zilipogombea watazamaji kila Jumatatu usiku, kila wiki ilihitaji tukio, na tukio lililo rahisi kuliko yote ni kubadilisha bingwa. Kumdai Cena wa mwaka 2010 akae miaka saba, wanasema, ni kumdai mwandishi wa gazeti la kila siku aandike kwa mwendo wa mwandishi wa vitabu. Na wanaongeza kwamba kuaminiwa mkanda mara 17 katika miaka 20 ni ushahidi kwamba kampuni ilimtegemea mtu huyu kila ilipokwama. Hilo la mwisho ni kweli. Hakuna aliyeibeba WWE mabegani kwa muda mrefu namna ile bila kashfa na bila kuchoka. Lakini hoja ya zama inapungukiwa na nguvu ukimtazama Roman Reigns, aliyeshika ubingwa wa Universal, mkanda mwingine wa dunia wa WWE, kuanzia Agosti 2020 hadi Rhodes alipomshinda Philadelphia Aprili 2024, siku 1,316, katika zama za televisheni ya kila wiki na mitandao ya kijamii. Watu hawakuchoka, walijaa. Kumbe iliwezekana. Kampuni ilichagua kutofanya hivyo kwa sababu namba ilikuwa rahisi kuiuza.

Zifungue zile 17 za Cena uzitazame moja moja. Ya mwaka 2006 ilidumu siku 380, ikakatishwa na msuli wa kifua uliochanika, na ni utawala ambao bingwa yeyote angejivunia. Sasa nenda St. Louis, jiji lilelile la Muchnick na Thesz, tarehe 21 Februari 2010. Cena ametoka kushinda pambano la watu sita ndani ya kizimba cha chuma cha Elimination Chamber, anatweta, jasho linamtiririka. Vince McMahon, mwana wa yule Mkubwa na mwenyekiti wa WWE wakati ule, anatokea na kutangaza kwamba lazima autetee mkanda papo hapo dhidi ya Batista, ambaye hajapigana. Pambano halikufika dakika moja. Cena alikuwa bingwa wa dunia kwa muda usiotosha kuchemsha chai, na utawala huo umehesabiwa sawa kabisa na ule wa siku 380. Julai 2011 alimvua Rey Mysterio ambaye alikuwa ametwaa ubingwa saa chache kabla, usiku uleule, huku CM Punk akiwa ameondoka na mkanda wenyewe baada ya kumshinda Cena Chicago. Hizo ni tawala mbili kwenye orodha, ya Mysterio na ya Cena, zilizozaliwa katika kipindi kimoja cha televisheni. Septemba mwaka huo Cena aliushika tena kwa siku 14. Na ule ubingwa wa 16, uliomfanya alingane na Flair na kuadhimishwa kama tukio la karne pale San Antonio Januari 2017? Siku 14 vilevile. Bray Wyatt aliuchukua tarehe 12 Februari. Mtu anayesema 17 ni kubwa kuliko 16 amejumlisha mwaka mzima na sekunde kadhaa akaviita vitu viwili vya aina moja.

Upande wa Flair hali ni tofauti, na kwangu inauma zaidi, kwa sababu hapo tatizo ni waliofutwa. Flair alitwaa ubingwa wa NWA kwa mara ya kwanza Septemba 1981 kwa kumshinda Dusty Rhodes mjini Kansas City, na alikuwa bingwa wa mwisho kuuzungusha mkanda kwa mtindo wa zamani, mji kwa mji, kisiwa kwa kisiwa. Katika safari hizo aliupoteza mara kadhaa mahali ambapo Wamarekani hawakuwa wakitazama. Mwaka 1982 huko Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, Jack Veneno, shujaa ambaye watoto wa nchi ile walimjua kama sisi tulivyowajua wachezaji wetu wa mpira, alitangazwa mshindi dhidi yake mbele ya umati ambao, inavyosimuliwa, usingemwacha Flair atoke salama kwa matokeo mengine. Januari 1983 Carlos Colón alimshinda Puerto Rico. Machi 1984 Harley Race alimvua mkanda Wellington, New Zealand, na Flair akaurudisha siku tatu baadaye Singapore. Mabadiliko ya Race yalinyamaziwa Marekani kwa miaka, hata NWA ilipokuja kuyatambua baadaye. Veneno na Colón hawamo kwenye ile hesabu ya 16. Maelfu ya watu wa Santo Domingo waliona bingwa wa dunia akishindwa na mtu wao, wakasherehekea usiku kucha, na kwenye daftari la leo tukio hilo halipo.

Halipo kwa sababu daftari lina mwenyewe. Machi 2001 WWF ilinunua WCW, kampuni iliyokuwa imerithi sehemu kubwa ya biashara ya NWA, na ikapata kanda zake, alama zake na ule mkanda mkubwa wa dhahabu uliotengenezwa na sonara Charles Crumrine wa Reno, Nevada, ambao Flair alianza kuuvaa mwaka 1986. Pamoja na vitu hivyo ikapata jambo ambalo halikuandikwa kwenye bei: uwezo wa kuisimulia historia ya mshindani wake. Flair aliporudi WWF miezi michache baadaye, tawala nane za NWA, sita za WCW na mbili za WWF zikajumlishwa kuwa 16, watangazaji wakairudia kila wiki, na kizazi kizima kikaipokea kama kinavyopokea matokeo ya Kombe la Dunia. Sita zile za WCW zina zake za kuchekesha wahasibu. Mwaka 2000 mkanda wa WCW ulikuwa umekosa thamani kiasi kwamba mwigizaji wa filamu, David Arquette, aliushinda mwezi Aprili. Mwezi uliofuata Kevin Nash alimkabidhi Flair mkanda kwa mkono, na Flair akaupoteza kwa Jeff Jarrett usiku huohuo. Hiyo nayo ni moja kati ya 16. Ya Veneno, iliyotikisa nchi, haimo.

Wapo wanaoukwepa mjadala wote kwa kusema: haya yote ni maigizo, matokeo yanapangwa, kwa hiyo historia ya ubingwa haina maana yoyote. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo tuliyoisikia tangu utotoni kutoka kwa wakubwa waliopita nje ya banda la video na kutukuta tumebanana kwenye mabenchi. Kupangwa kwa matokeo ndiko kunakoipa orodha ya mabingwa maana yake. Katika ndondi bingwa hubadilika kwa sababu ngumi imeingia. Katika mieleka hii hubadilika kwa sababu watu wenye majina, wenye fedha na hofu zao, wameamua. Kila jina jipya kwenye orodha ni uamuzi wa biashara wenye tarehe, na wakati mwingine ni ugomvi wa kweli. Mwaka 1991 Flair aligombana na wakubwa wa WCW, akaondoka na mkanda mkubwa wa dhahabu kwa sababu dhamana ya dola 25,000 ambayo kila bingwa wa NWA aliiweka haikuwa imerudishwa kwake. Bobby Heenan, meneja wa wapiganaji wa WWF, akaonekana kwenye televisheni ya WWF ameukumbatia mkanda wa washindani. WCW ikaenda mahakamani, na baadaye mkanda aliobeba Flair ukafifishwa kwenye skrini ili usionekane sawasawa. Desemba 1995 Alundra Blayze, bingwa wa wanawake wa WWF, alihamia WCW na mkanda wake, akasimama mbele ya kamera akautumbukiza kwenye pipa la taka. Kumbukumbu ya pipa lile ilikuwa kichwani mwa McMahon miaka miwili baadaye, Bret Hart alipokuwa akielekea WCW akiwa bado bingwa. Tarehe 9 Novemba 1997, mjini Montreal, Shawn Michaels alimkunja Hart miguu, Hart hakusalimu amri, lakini kengele ikagongwa kwa agizo la McMahon aliyesimama kando ya ulingo. Hart alimtemea mate usoni. Hayo hayakuwa maigizo. Mtu mzima hamtemei mate mwajiri wake mbele ya maelfu kwa ajili ya kipande cha ngozi kisicho na maana.

Wenzangu wanaokubaliana nami juu ya ubovu wa mara ngapi hukimbilia kipimo cha siku ngapi. Ni bora, lakini nacho kimepitia mikono ileile. Bob Backlund anaandikwa kuwa na utawala mmoja usiokatika wa siku 2,135, kuanzia Februari 1978 hadi Desemba 1983. Ukweli ni kwamba tarehe 30 Novemba 1979 huko Tokushima, Japani, Antonio Inoki alimshinda Backlund akawa bingwa wa WWF. Juma moja baadaye Tokyo, pambano la marudiano liliingiliwa na mpiganaji mwingine, Tiger Jeet Singh, matokeo yakafutwa, Inoki akakataa kubaki na mkanda kwa namna ile, na Backlund akaupata tena New York kwa kumshinda Bobby Duncum. Kwenye orodha ya kampuni hakuna Inoki, hakuna mkanda ulioachwa wazi, hakuna Duncum. Kampuni ileile ilimwingiza Inoki kwenye ukumbi wake wa heshima mwaka 2010, na orodha ya mabingwa haikuguswa. Isitoshe, siku peke yake hazisemi uzito. Mei 1984, kwenye Texas Stadium, Kerry Von Erich alimshinda Flair katika onyesho la kumkumbuka kaka yake David, aliyefariki Tokyo miezi mitatu kabla. Kerry aliupoteza baada ya siku 18 huko Yokosuka. Siku 18, na hakuna mtu wa Dallas wa umri ule aliyeisahau.

Kwetu Waafrika mfano ulio karibu ni Kofi Kingston. Mzaliwa huyu wa Ghana alimshinda Daniel Bryan tarehe 7 Aprili 2019, baada ya miaka 11 ya kuwekwa daraja la kati, akawa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Alikaa siku 180. Oktoba 4 Brock Lesnar alimmaliza ndani ya sekunde kumi hivi, na ubingwa wa Kofi ukaondoka bila kupewa nafasi ya kujitetea. Kwa wanaohesabu mara, Kofi ni moja, amefungana na kila aliyebahatika usiku mmoja. Kwa mtu aliyekuwa Accra alipopokelewa na mkanda wake begani mwaka ule, ile moja haina bei. Naudhika zaidi na zile sekunde kumi kuliko na pambano lolote la miaka ile, kwa sababu aliyeziamua alikuwa na kila sababu ya kujua mkanda ule ulibeba nini kwa watu walio nje ya Marekani, kama waliotangulia walivyojua kuhusu Veneno na Inoki, na akaamua vilevile.

Namba ikishakuwa ndiyo kipimo, inaanza kuendesha maamuzi. Charlotte Flair, binti wa Ric, amehesabiwa ubingwa wa dunia mara 14 katika muda wa miaka kumi, na baadhi ya hizo zilikuja kama ile ya Desemba 30, 2022: alirudi baada ya miezi ya kutokuwapo, akamkuta Ronda Rousey ametoka kupigana, akamvua mkanda chini ya dakika moja. Ni mpiganaji wa kiwango cha juu ambaye hahitaji msaada wa hesabu, lakini kila anapopewa mkanda watu hawaulizi atapigana na nani, wanauliza amebakiza ngapi kumfikia baba yake. Randy Orton naye yuko kwenye 14. Sasa kwa kuwa 17 imeshawekwa ukutani, kila atakayekaribia atalazimika kupoteza mara nyingi ili ashinde mara nyingi, na wanaokuja chini yake watakuwa ngazi za kupandia. Utawala wa mwisho wa Cena wenyewe ulidumu siku 105, Rhodes akaurudisha kwenye onyesho la SummerSlam Agosti 3, na sehemu kubwa ya siku hizo ilitumika kuizungumzia namba kuliko kuutetea mkanda.

WWE haihitaji kumpunguzia Cena hata moja, wala kumwongezea Flair. Inaweza kuweka kwenye orodha yake, mbele ya kila jina, mahali, siku na aliyeshindwa, na kuwarudisha waliokuwapo: Inoki wa Tokushima kati ya Backlund na Backlund, Colón wa Puerto Rico, Veneno wa Santo Domingo, wakiandikwa kuwa walitangazwa na nani na walikataliwa na nani. Vyama vya ndondi vina mabingwa wenye utata kwenye vitabu vyao na havijafa kwa hilo. Baadhi ya waliokuwapo ukumbini bado wako hai, wengi wao sasa wana umri wa miaka 60 na 70. Hulk Hogan amefariki Julai 2025. Sammartino alifariki 2018, Inoki 2022, Veneno 2021. Kazi ya kuwauliza waliobaki ina muda wake, na muda huo unakwenda huku sisi tukibishana kama 17 ni nyingi kuliko 16.